Upande wa Pili wa Dodoso

Jumatatu, 3 Machi

Nimetangaziwa vita. Saa mbili na nusu asubuhi, mbele ya wauguzi wote, na mimi mdomo umejaa mkate.

Mtangazaji ni Daktari wa kliniki ya magonjwa ya kudumu. Mwanamke mwembamba, anaongea polepole kama anayeogopa kuamsha mtoto. Amesema kwa siku kumi hospitali itafanya ulinganisho. Wagonjwa sitini. Kila mmoja atajaza dodoso la afya mara mbili, mara moja kwenye karatasi na mara moja kwenye kishikwambi. Maswali ishirini, yale yale. Halafu itaangaliwa ni njia ipi inayojazwa bila mapengo, ipi inayosema kweli, na ipi wagonjwa wenyewe wanaipenda. Itakayoshinda itabaki. Itakayoshindwa, kwaheri.

Nikameza mkate. Nikauliza, kwa upole kabisa, karatasi ikishindwa chumba cha mafaili kitakuwaje. Akasema kitafungwa. Chumba CHANGU! Miaka ishirini na minne nimo humo. Rafu kumi na moja, dirisha moja la kupokelea, kiti chenye mto niliouleta kutoka nyumbani, na ufunguo mmoja tu duniani, uko mfukoni mwangu. Na mtunza mafaili atapelekwa wapi? Akasema nisiwe na wasiwasi, kuna nafasi kwa dobi. Kwa dobi! Nimeajiriwa kutunza siri za watu, sasa nikahesabu mashuka yao.

Msimamizi wa karatasi ni mimi. Msimamizi wa vishikwambi ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, tumbo moja. Yule yule niliyemtafutia kazi hapa miaka mitatu iliyopita, nikambembelezea kila mwenye meza. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nimekunywa soda mbili kupoza hasira, na juu yake chupa nzima ya maji. Kiu bado. Hasira hukausha koo, hilo kila mtu analijua.

Jumanne, 4 Machi

Akili ni nywele, na mimi ingawa kichwani zimepungua, bado ninazo za kutosha.

Daktari ameleta dodoso lake la karatasi. Karatasi mbili zimebanwa pini, maswali kumi huku, kumi kule. Nikakaa nalo. Nikajiuliza, mgonjwa anachukia nini? Urefu! Nikaenda kwenye mashine ya kutolea nakala, nikachapa pande zote mbili. Sasa ni karatasi moja tu. Mgonjwa akiipokea anaona maswali kumi, moyo wake unatulia, anaipenda papo hapo. Wakati kule kwa shemeji maswali yanakuja moja moja, hayaishi, na kishikwambi kinakataa kuendelea mpaka ujibu. Mashine yenye kiburi. Imefanana na mwenyewe.

Amefika saa nne na vishikwambi vyake vinne, kila kimoja kimevishwa koti. Akaniamkia, shikamoo shemeji, kwa sauti tamu. Nikamwitikia marahaba kwa sauti tamu zaidi. Akaniuliza kama ninahitaji msaada wowote. Mimi! Nikamwambia karatasi haihitaji chaji.

Nyumbani mke wangu ameanza tena wimbo wake. Ati ninaamka mara nne kwenda msalani, ati ninakunywa maji kama nimetoka jangwani, ati nafanya kazi hospitalini na kidole changu hakijawahi kutobolewa. Nikamweleza kwamba sindano ni za wagonjwa, mimi ni mfanyakazi. Akasema siku moja nitajuta. Nikamwambia aniongezee sukari kwenye chai.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya kwanza. Wagonjwa kumi na wawili.

Mimi wagonjwa nawajua kuanzia kifuani kwenda juu. Dirisha langu ndivyo lilivyo. Wanakuja, wanaonyesha uso, nawapa karatasi na kalamu, wanakwenda kukaa kwenye benchi, wanarudisha. Na mimi ninaisoma kabla ya kuitia kwenye sanduku, bila shaka. Ni lazima mtu ajue anatunza nini.

Karatasi imetoa matokeo ya ajabu. Wagonjwa wetu wote ni malaika! Hakuna anayekunywa pombe. Hakuna anayeruka dawa hata siku moja. Hakuna anayevuta, isipokuwa mmoja aliyeandika "zamani", na moshi ulikuwa bado unamtoka. Mmoja amejibu swali la pombe huku akinitazama machoni mpaka alipomaliza.

Mchana shemeji, bila kutaja majina, akasema kwenye kishikwambi nusu yao wamekiri kwamba wanaruka dawa, na wanne wanakunywa. Alidhani ameshinda. Nikamwambia hiyo ndiyo tofauti. Karatasi inawafanya watu kuwa wema, mashine inawaharibu. Aliandika kitu kwenye daftari lake.

Burudani ya leo: fundi ujenzi, vidole vimekomaa kwa saruji. Anabonyeza kishikwambi, hakuna kitu. Anabonyeza tena. Wapi! Mashine imemwambia mtu mzima, kilo tisini, kwamba hayupo. Nilicheka mpaka nikalazimika kukimbilia msalani, jambo ambalo siku hizi halihitaji kicheko. Niliporudi shemeji alikuwa ameshampa kijikalamu cha mpira na fundi anabonyeza kama bingwa. Furaha ya maskini haidumu.

Amekuja pia mwalimu mstaafu, mzee mwenye miwani na kalamu nyekundu yake mwenyewe. Hakuishia kujaza dodoso. Alilisahihisha. Swali la tatu ameandika pembeni: "Maswali mawili katika sentensi moja. Chagua." La saba: "Halieleweki." Juu kabisa ametoa alama: nne kwa kumi. Nikamwonyesha kwamba kuna upande wa pili. Akasema upande wa pili ataushughulikia tukisharekebisha wa kwanza. Nikaitia sandukuni. Mtu kama huyo hubishani naye.

Ijumaa, 7 Machi

Nimechemsha. Lakini wazo lenyewe lilikuwa zuri, hilo sitalikana.

Asubuhi nilimwita bibi mmoja dirishani, nikamnong'oneza. Nikamwambia, mama, mimi si mtu wa maneno, lakini kile kidude cha mezani kwa yule binti kuwa nacho makini. Kinaona ndani. Ukikishika tu, kimekuona mpaka ini. Nikaegemea kiti changu, nikangoja hofu isambae.

Ikasambaa, ndiyo. Bibi akaenda benchi la kwanza, akanong'ona. Benchi la pili likasogea karibu. Baada ya robo saa mstari wa kwa shemeji umefika mlangoni. Kumbe bibi ana miaka miwili anaomba kupigwa picha ya tumbo, kila siku anaambiwa subiri! Sasa amesikia kuna kidude kinaona bure. Wamekuja hata watu wasio wagonjwa. Mlinzi wa getini ameacha geti. Mama mmoja alikiweka kishikwambi tumboni, akafumba macho, akasema anasikia joto.

Swali la mwisho la utafiti, "Umependa njia ipi?", leo watu kumi na wanne wamejibu kishikwambi. Karatasi imepata mmoja. Fundi cherehani, mwanamke mwema, amesema karatasi haikumsumbua, ilikuwa fupi. Angalau yupo mwenye macho.

Ukweli nimechoka. Mguu wa kushoto unawaka chini kama nimekanyaga pilipili. Ni kiatu. Nimekilegeza kamba.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji amekuja kula chakula cha mchana kwetu. Kwa hiari ya nani, sijui. Mke wangu amempakulia kipande kikubwa cha nyama, kile ambacho kwa desturi ya nyumba hii kina mwenyewe.

Walizungumza kuhusu mimi nikiwa nimekaa hapo hapo. Mke akasema jana nilisoma gazeti nimelishika mkono mrefu kama nalipeleka kwa jirani. Shemeji akasema nyumbani huwezi kumlazimisha mtu, lakini hospitalini kupima ni dakika moja tu. Mke akasema, mdogo wangu, mwambie wewe, pengine wewe atakusikia. Nikasema anayetaka kunipima aanze kunishinda.

Halafu, wakati wa kunawa, shemeji akaniuliza swali. Kwa unyenyekevu, yule mnafiki. Eti, shemeji, hivi upande wa nyuma wa karatasi zako wagonjwa wanaujaza saa ngapi? Kwa sababu Ijumaa alipita kwenye sanduku na alizoziona nyingi nyuma ni nyeupe pe.

Nikamwambia wino wangu ni mwepesi, huonekana ukikauka.

Sikula tunda. Nimekaa uani peke yangu. Hawageuzi! Watu wazima, wana wajukuu, wanapewa karatasi hawageuzi! Wanajaza maswali kumi, wanaona mwisho wa karatasi, wanashukuru Mungu, wanarudisha. Na mimi nazisoma mbele tu, kwa sababu mbele ndiko kuna swali la pombe.

Mapengo ndiyo kitu cha kwanza kitakachohesabiwa. Naona mashuka. Naona mashuka mengi sana.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefungua sanduku asubuhi, mlango nimeukomea. Karatasi arobaini na moja. Kumi na tisa nyuma hakuna hata nukta. Maswali kumi mara kumi na tisa. Nimeketi, kichwa mikononi, kwa muda wa soda moja.

Kisha nikasema, liwalo na liwe.

Kalamu nne za rangi tofauti. Mkono wa kulia kwa wanawake, wa kushoto kwa wanaume. Nilijiona mtaalamu. Nikaanza na fundi cherehani. Swali la kumi na moja: usiku unaamka mara ngapi kwenda haja ndogo? Nikasimamisha kalamu. Nitajuaje? Kibofu cha fundi cherehani ni mambo yake na Mungu wake. Nikabuni: mara moja. Swali la kumi na mbili, kiu. Nikabuni. La kumi na tatu, macho, nikakwama. Kubuni ugonjwa si mchezo. Ukiandika afya njema tupu, Daktari atashtuka, hawa ni watu wa kliniki. Ukiandika ugonjwa ovyo, utampa mtu mimba na ana miaka sabini.

Ndipo likanijia. Mwili ninaoujua kwa undani ni mmoja tu, na nimeukalia. Kwa nini nihangaike? Unaamka mara ngapi? Nne. Kiu? Muda wote. Macho? Yana ukungu, hasa baada ya chakula. Vidonda? Kile cha kidole gumba cha mguu, nilijikwaa mwezi wa kwanza, bado kibichi. Uchovu? Mwingi. Miguu? Wa kushoto unawaka. Na swali la ishirini, eleza kwa maneno yako, hapo nilitiririka. Pilipili nimeitia mara saba. Kwingine nikaweka makaa, kwingine sisimizi, ili kuwe na tofauti.

Nilimfuta hata fundi cherehani nikamwandika upya. Saa nane mchana nimemaliza wote kumi na tisa. Hata mwalimu wa kalamu nyekundu nimemsaidia.

Na nataka ieleweke: sikudanganya hata neno moja. Kila jibu ni kweli tupu. Kweli ya nani, hilo dodoso halikuuliza.

Jumatano, 12 Machi

Ushindi!

Siku mbili hizi kila mgonjwa nimemgeuzia karatasi mwenyewe, mkono wangu umetoka dirishani mpaka kwapa. Sitini wametimia. Nimemkabidhi Daktari sanduku saa tisa. Akazipitia juu juu, mbele, nyuma. Akasema kwa sauti yake ile ya kulaza mtoto: hakuna pengo hata moja. Hakutegemea. Akasema, hongera.

Nikamtazama shemeji. Shemeji akatazama sanduku. Nikamuuliza kwa sauti, mbele ya wauguzi, kama bado anadhani wino wangu ni mwepesi. Akasema, hongera shemeji, akaondoka na vikoti vyake.

Nimerudi chumbani kwangu, nimepangusa rafu zote kumi na moja. Nimeupiga mto. Nimekaa. Ama kweli penye nia pana njia. Soda tatu, leo nimestahili.

Alhamisi, 13 Machi

Daktari ameniita. Nilichukua kalamu, nikidhani ni barua ya pongezi ya kusaini.

Juu ya meza amezitandaza karatasi kumi na tisa, nyuma zikitazama juu. Akaniambia nikae. Akasema upande wa mbele wa karatasi na kishikwambi vinakubaliana, ukiondoa pombe. Lakini upande wa nyuma kuna jambo hajawahi kuliona tangu aanze kazi. Watu kumi na tisa, wake kwa waume, wa mitaa tofauti, wote wanaamka mara nne. Wote wana kidonda kwenye kidole gumba. Wote mguu wao wa kushoto unawaka, wa kulia mzima. Na watu hao hao, nusu saa baadaye kwenye kishikwambi, wamepona.

Nikasema hiyo inaonyesha kishikwambi kina kasoro.

Akanitazama. Akasema ndivyo alivyoanza kufikiri na yeye. Baadaye akafikiri ni sumu kwenye maji. Hakulala. Asubuhi amewapigia simu wote kumi na tisa waje kesho, mbio, wasile kitu.

Wote. Kesho. Hawajala.

Nikamwambia huenda ni kiatu. Akauliza, kiatu gani? Nikasema, kwa ujumla. Nikaomba ruhusa kwenda msalani.

Maji yamenifika shingoni. Nimefikiria kuugua kesho, nikaona hapana, ukienda hospitali kuomba ruhusa ya ugonjwa watakupima.

Ijumaa, 14 Machi

Siandiki kwa mbwembwe leo.

Wamekuja wote, wana njaa, wana hofu, wamesindikizwa na watoto wao. Fundi cherehani alikuwa analia. Simu ilimkuta anashona sare za harusi, akadhani ndiyo basi. Akamwambia Daktari, mbele yangu, kwamba yeye akilala amelala, hata nyumba ikiungua ataamshwa na majirani. Akaulizwa kuhusu kidole gumba. Akavua kiatu, akaweka mguu juu ya kiti. Kidole safi, kucha imepakwa rangi. Mmoja baada ya mwingine wakavua viatu. Vidole gumba kumi na nane, vizima vyote. Mimi nilisimama pembeni na faili mkononi, nikijifanya natafuta kitu ndani yake.

Wa mwisho akaitwa mwalimu. Mlango ukafunguliwa, akaingia, na kwa mara ya kwanza nikamwona kuanzia kifuani kwenda chini. Ana gongo kwapani. Suruali, upande wa kushoto, imekunjwa na kubanwa kwa pini juu ya goti.

Miaka sita faili lake liko rafu ya nne. Mimi mafaili nayatunza, siyasomi. Kusoma ni kazi ya madaktari.

Daktari akampa karatasi yake. Akaisoma yote, pole pole, mpaka swali la ishirini: mguu wangu wa kushoto unawaka kama nimekanyaga pilipili. Nikangoja acheke. Akatoa kalamu nyekundu, akaandika sifuri, kubwa, akaizungushia duara. Kisha akasema hii si kazi ya mvivu. Mvivu angebuni. Aliyeandika hivi anaumwa kweli.

Akainua macho, moja kwa moja kwangu. Sijui alijuaje. Labda ualimu. Akasema na wake ulianza hivyo hivyo, baba, wa kushoto, na yeye alisema ni kiatu. Akabadilisha viatu jozi tatu. Ya nne ilikuwa ya kiatu kimoja. Akaniambia nivue.

Nilitaka kusema mengi. Nilikuwa na maelezo mazuri tu, yamepangwa. Badala yake nikainama, nikavua. Harufu ilitoka kabla ya soksi. Muuguzi mmoja akasema Mungu wangu, taratibu. Shemeji alikuwa mlangoni, akageukia ukuta.

Kidole changu cha mkono kilitobolewa sijamaliza kusimama. Muuguzi akatazama kimashine, akanitazama mimi, akaomba kidole kingine. Halafu cha tatu. Daktari akasema sukari, na inaelekea ni ya muda mrefu. Mguu bado unaokoleka, akasema, kama nitafuata masharti. Kama.

Mke wangu aliitwa. Nilijiandaa kwa makelele, nilikuwa na majibu yake. Hakupiga kelele. Aliketi karibu na kitanda akiwa ameshika viatu vyangu mapajani, akavitazama, machozi yakamdondokea humo ndani. Hakuniambia "nilikuambia". Ningependa angeniambia. Niliogopa leo. Niliogopa kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na naliandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma.

Jumatatu, 17 Machi

Nimefungwa bandeji, nameza dawa, natembea kwa ndala kazini. Heshima yote imekwisha.

Matokeo yamesomwa leo. Karatasi zangu kumi na tisa zimetupwa nje ya hesabu. Kwenye ripoti Daktari ameandika "kasoro ya uchapaji wa pande mbili", na faraghani akaniambia hiyo ni mara ya kwanza na ya mwisho kuniandikia uongo, na kwamba kila mmoja wa wale kumi na tisa nitamwomba radhi kwa mdomo wangu. Fundi cherehani amenisamehe, mradi nisimguse tena kibofu chake. Mwalimu amesema atanisamehe mguu ukipona.

Kishikwambi kimeshinda. Mapengo, kimeshinda. Ukweli, kimeshinda. Kupendwa, kimeshinda, ingawa huko kuna mchango wangu mkubwa ambao hakuna aliyeutaja. Chumba kinafungwa mwisho wa mwezi. Nimekabidhi ufunguo. Mfuko mwepesi.

Kwa dobi siendi. Kumbe shemeji alikwenda kwa Daktari kuniombea, ati sakafu ya dobi ina maji siku nzima na mguu wangu hautapona. Sasa nitakaa naye, mezani pake, kuwaelekeza wazee kubonyeza. Chini yake! Mtu anakuokoa ili apate wa kumtuma. Mke wangu anasema nimshukuru. Nitamshukuru nikipata nafasi.

Mwisho wa mkutano niliinua mkono. Nikasema nina hoja moja ya kitaalamu. Kishikwambi kimehoji watu sitini na hakikugundua mgonjwa hata mmoja mpya. Karatasi imegundua. Nikajinyooshea kidole. Je, hilo litaingia kwenye ripoti? Hakuna aliyepiga makofi. Ukweli hauna marafiki.

Baadaye Daktari akanipa masharti. Soda, marufuku. Sukari kwenye chai, marufuku. Aprili 10, kupima damu maabara. Kila jioni kwa siku thelathini nijaze dodoso fupi: nimekula nini, nimekunywa nini, mguu ukoje, kipimo cha asubuhi kimesoma ngapi. Kwa majibu hayo ndipo atakapoamua dawa, na huo mguu. Akauliza, nitapenda kujaza kwenye kishikwambi au kwenye karatasi?

Karatasi, nikasema, kabla hajafunga mdomo. Shemeji akakohoa.

Jumanne, 18 Machi

Siku njema. Nina nguvu mpya.

Nimeamka mapema, nimekaa mezani na madodoso yangu thelathini na kalamu nne, na saa tano asubuhi nimemaliza yote. Mwezi mzima! Watu wanalalamika kwamba ugonjwa huu unakula muda. Hawajui kujipanga.

Nimefanya kwa uangalifu, si kama mara ile. Kosa la mara ile lilikuwa kufanana. Sasa kila siku ina mambo yake. Siku nne za kwanza mguu unawaka kidogo. Kuanzia Machi 22 unapoa. Machi 27 nimejiwekea kipande kimoja cha keki, nikajuta, ili nisionekane mtakatifu. Aprili 2 nimetembea nusu saa jioni na mke wangu, tumeongea vizuri. Vipimo vya asubuhi vinashuka pole pole, leo hivi kesho vile, kimoja nimekipandisha makusudi Aprili 5 kwa sababu ya mvua.

Hata majibu ya damu ya Aprili 10 nimeyajaza, kumpunguzia mtu wa maabara kazi. Mazuri sana.

Nimejizawadia soda moja. Ya mwisho, na haihesabiki, kwa sababu dodoso la leo limeshajazwa na linasema maji.

Kwa hiyo Aprili 16, saa mbili asubuhi, nimepona kabisa. Natamani kumwambia mke wangu sasa hivi, alie kwa furaha, lakini itabidi asubiri.